Kuhamisha masini ya kusaga bila kuvunja kitu na bila kuumiza mutu



Kila mwaka, kisha mavuno ya muhindi, koperative moja ao mbili kati ya zile tunafuatilia zinanunua masini ya kusaga hapa Lubumbashi. Komite inazungumuza bei, inajaribisha motere mbele ya muuzaji, inahesabu feza, inapewa karatasi. Halafu kila mutu anafurahi sawa vile kazi imeisha. Kumbe kazi haiyaisha. Kati ya duka na mukini kuko kilometa mingi, kamyo, mbao mbili, na vijana wenye hawajawahi kushusha kitu kizito vile. Ni pale koperative inaweza kupoteza masini yake, ao mutu wake.

Ninaandika juu ya jambo lenye niliona na macho yangu.

Nilikuwa nafuatilia koperative moja kwenye njia ya Kasenga. Wanamemba walichanga feza misimu mitatu. Kila mutu alitoa kidogo kisha kuuzisha muhindi, na mama mwenye kuchunga sanduku aliandika kila franga katika kaye. Sababu ilikuwa wazi. Mukini haukukuwa na masini. Wamama walibeba beseni ya muhindi juu ya kichwa, saa mbili kwenda, saa mbili kurudi, na mara ingine walikuta foleni ao motere imeharibika. Siku ya kusaga ilikuwa siku ya kupotea shambani.

Kamyo ilifika jua linaanza kushuka. Shofere alikuwa na haraka, alitaka kurudia muji mbele ya usiku. Vijana nane walipanda, wakaegemeza mbao mbili, wakaanza kusukuma. Hakuna mutu aliuliza masini iko na kilo ngapi. Katikati ya njia ubao mumoja ulipinda, motere ikateleza. Vijana saba waliruka pembeni. Mumoja alibakia, akaweka mabega na muguu ili kuizuia. Kisha aliniambia: “Papa agronomu, niliona feza ya bamama ya miaka tatu iko naanguka.”

Motere ilimuponda muguu. Na ilianguka tu, chini yake ikapasuka. Feza yenye ilibakia katika sanduku ilienda kwa matunzo yake, na ilikuwa haki iende kule. Motere ililala chini ya bashi musimu muzima. Wamama waliendelea kubeba beseni.

Mimi nilikuwa pale. Nilisomea udongo, mbegu na mbolea. Hakuna mwalimu alinifundisha namna ya kushusha motere. Nilinyamaza kwa sababu nilifikiri vijana wanajua. Tangu siku ile niliuliza mafundi, mashofere na wazee wenye walifanyaka kazi ya kupakia mizigo kwenye reli. Haya ndiyo niliyojifunza.

Njia kwanza, muzigo nyuma

Katanga yetu iliona mizigo mizito kuliko motere ya kusaga. Mwaka wa 1915, wakati wa vita ya kwanza ya dunia, Waingereza walitaka kupeleka mashua mbili za vita kwenye ziwa Tanganyika. Zilikuwa na urefu wa karibu metre 12, na ziliitwa Mimi na Toutou. Zilipanda treni kule Cape Town, zikapita hapa Lubumbashi, wakati ule ikiitwa Élisabethville, mupaka Fungurume kwenye reli iliishia. Kutoka Fungurume mupaka Sankisia, karibu na Bukama, kulikuwa pori na milima ya Mitumba, zaidi ya kilometa 200. Mashua zilivutwa na matrakta ya mvuke na ngombe. Zilianza kutembea katika mwezi wa 8, zikafika Sankisia mwisho wa mwezi wa 9, mbele mvua ianze. Kisha zikapanda treni tena, zikashuka muto Lualaba, na mwisho wa mwaka zilikuwa ndani ya ziwa.

Wenye kusimulia habari hiyo wanapenda kuzungumuzia vita. Sisi tuangalie kazi. Mbele mashua zifike, watu walitangulia kutembea njia kwa miguu. Walikata miti, wakachimba, wakajenga zaidi ya madaraja 100 juu ya vijito na mabonde. Pale mulima ulikuwa mukali, walitumia kamba nene na miti yenye kusimama imara ili muzigo usikimbie. Walichagua wakati wa kiangazi. Nguvu ya trakta ilisaidia, lakini trakta bila daraja ingezama.

Ni vile hata kwetu. Mbele ya kuenda kuchukua masini, watu wawili wa komite watembee njia yote, kutoka kwenye barabara kubwa mupaka kwenye nyumba ya masini. Waangalie daraja ya miti: kamyo yenye muzigo itapita? Waangalie matawi, mashimo, fasi ya kugeuzia kamyo. Kisha wapime mulango wa nyumba ya masini na kamba. Niliona kundi moja lenye kubeba motere mupaka kwenye mulango, halafu wanakuta mulango ni mudogo. Walibomoa ukuta huku motere iko inje na mvua iko inakuja. Kupima kamba kungewachukua dakika mbili tu.

Wakati wa muzuri ni kutoka mwezi wa 5 mupaka mwezi wa 10, udongo ukiwa mukavu. Mukinunua katika mwezi wa 12, ni heri kuacha masini fasi ya salama katika muji kuliko kulazimisha kamyo kwenye matope.

Mujue kilo

Mbele ya kulipa, muulize muuzaji masini iko na uzito gani, na mutafute kibao cha chuma chenye kugongwa kwenye motere; mara mingi uzito umeandikwa pale. Muandike kwenye kaye.

Motere za zamani zenye magurudumu mawili makubwa ya chuma pembeni, zile za aina ya Lister zenye zilianza kutengenezwa Uingereza karibu na mwaka wa 1930 na zenye viwanda vya India viliiga, zinapita kilo 300. Motere ndogo za China, za nguvu ya farasi 12, ziko karibu kilo 150. Kinu chenyewe, chenye nyundo na chujio, ni uzito mwingine tena.

Watu wanasema: “Tuko wengi, itaenda tu.” Tuhesabu. Mwaka wa 1967 Shirika la Kimataifa la Kazi lilitoa shauri kwamba mwanaume mumoja asibebeshwe zaidi ya kilo 55. Ni karibu mufuko mumoja wa muhindi. Kwa motere ya kilo 300, watu sita wenye kugawana sawasawa wangebeba kila mumoja kilo 50. Lakini hawagawane sawasawa. Wenye kuwa upande wa chini wanabeba zaidi. Mumoja akiteleza, wale watano wanapokea muzigo wake mara moja. Tena motere haina mikono ya kushikia watu sita. Kwa hiyo motere nzito haiinuliwi kwa mikono. Inavutwa, inasukumwa, inateremushwa kidogo kidogo.

Mupunguze muzigo, mufunge vyenye kutembea

Mbele ya kupakia, mutoe vyote vyenye kutoka kwa urahisi: mukanda, chujio, nyundo za kinu, tangi ya mazutu kama inafunguka. Buloni zote zitiwe ndani ya mufuko mudogo, na mufuko ufungwe kwenye kitu chenyewe. Buloni moja ikipotea mukini, mutarudi Lubumbashi juu yake.

Mumwange mazutu na maji. Mazutu yenye kumwangika kwenye mbao inafanya miguu iteleze, na maji ni kilo zenye hamuna lazima ya kubeba. Motere isimame sawa vile inasimamaka kazini, isilazwe kwa ubavu, kwa sababu mafuta itaingia fasi yenye haipaswe kuingia. Bomba ya moshi na fasi ya kuvutia hewa zizibwe na kitambaa safi, ili vumbi ya njia isiingie.

Magurudumu makubwa ya chuma yafungwe na kamba ili yasizunguke. Mutu akishika gurudumu kwa kusukuma, na lenyewe likazunguka, vidole vinaingia kati. Mushike kwenye chuma cha chini, musishike hata siku moja kwenye kitu chenye kuzunguka. Kama fundi iko pale na vyombo vyake, anaweza kuyatoa kabisa. Kama fundi haiko, musiyapige nyundo.

Juu ya kamyo

Motere ikae mbele, karibu na kabini, juu ya vipande vya mupira wa gari vya zamani. Ifungwe pande zine, na kamba zishike kwenye chuma cha kamyo, hapana kwenye mbao za pembeni. Kisha kilometa tano za kwanza, shofere asimame, mukaze kamba tena. Kamba mupya inalegea kila mara.

Sasa neno moja lenye halifurahishe. Tunajua namna kamyo zetu zinasafiri: mifuko chini, watu juu. Siku ya masini, mutu asikae karibu na motere wala juu yake. Kamyo ikifunga freni kwa nguvu, kilo 300 hazifunge freni. Wenye kusindikiza masini wakae kabini, ao wasafiri na gari ingine. Kama shofere anataka kupakia abiria ili apate feza ya juu, mukatae. Ndiyo maana inafaa kupatana naye kwa maandishi mbele ya safari: bei, saa ya kufika, watu gani watapanda, na kwamba atangoja mupaka masini ishuke salama. Shofere mwenye haraka anapitisha haraka yake kwa vijana.

Kushusha

Njia bora ni kutokushusha hata kidogo. Nataka kusema hivi: mutafute fasi yenye udongo uko juu sawa na kamyo. Katika Katanga Mungu alitupatia vichuguu vikubwa vya muchwa. Koperative ingine ilikata ubavu wa kichuguu kimoja, ikausawazisha mupaka urefu wa kamyo. Shofere alirudisha kamyo nyuma mupaka ikagusa udongo. Motere ilitoka sawa vile inapita kwenye mulango, halafu ilifuata njia ya muteremuko mudogo yenye walikuwa wamechimba. Kazi ya jembe ya siku mbili iliokoa kila kitu.

Kama kichuguu hakiko, mutumie mbao. Urefu ndio wa maana. Tuseme kamyo iko na urefu wa metre 1. Mbao za metre 2 zinafanya muteremuko mukali: motere ya kilo 300 inavuta sawa kilo 150 kwenda chini. Mbao za metre 4 zinafanya muteremuko mupole: inavuta sawa kilo 75 tu. Motere ni ile ile, watu ni wale wale. Mbao peke yake ndizo zimebadilika.

Mbao ziwe nene, sentimita 5 ao zaidi, bila ufa na bila tundu la muchwa. Zitegemezwe katikati na magogo. Kisha muzijaribu: watu wane wasimame pamoja katikati. Kama mbao inalia ao inapinda sana, haifai. Hata sisi siku ile, kama watu wane wangesimama kwanza juu ya ule ubao, ungetuambia ukweli mbele ya kuponda mutu.

Juu ya kamba: mufunge kamba nene kwenye chuma cha chini cha motere, kisha muizungushe mara tatu kwenye muti mukubwa wenye uko hai, ao kwenye nguzo yenye imezikwa kabisa, upande wa juu. Watu wawili wanashika mwisho wa kamba na kuilegeza kidogo kidogo. Muti ndio unabeba uzito. Watu wanasema tu ni wakati gani. Kamba isizungushwe kwenye mukono ao kwenye kiuno. Na hakuna mutu anavuka juu yake wakati inavutwa.

Kwenye udongo, mutumie tiyo za chuma ao miti ya mviringo yenye kulingana, ine ao tano. Motere inapita juu. Tiyo yenye inatoka nyuma, mutu anaipeleka mbele. Anaiweka chini mbele motere ifike, asiisukumishe na vidole wakati motere iko inatembea. Mutu mwingine anatembea pembeni na kipande cha muti cha kuzuia, tayari kukiweka chini kila wakati motere inasimama.

Hakuna mutu anasimama upande wa chini. Hata mumoja. Hata kwa dakika moja, hata kwa “kusaidia kidogo”. Watoto wakae mbali. Siku ya masini mukini wote unakuja kuangalia, kwa hiyo muchague mama mumoja mwenye kusikiliwa, kazi yake iwe ile tu. Wenye kushika kazi wavae viatu vya kufunika, hapana babushi.

Sauti moja

Kundi likiwa na sauti tano, kila mutu anasukuma wakati wake. Muchague mutu mumoja wa kutoa amri, na yeye asishike muzigo. Anasimama fasi yenye anaona pande zote. Amri ziwe fupi na wote wazijue mbele: “Sukuma.” “Simama.” “Acha.” Neno “simama” mutu yeyote anaweza kulisema, hata mutoto, na wote wanasimama.

Neno “acha” ndilo gumu kuliko yote, na ninawaomba mulizungumuzie katika mukutano mbele ya siku ya kazi. Maana yake: masini inaanguka, kila mutu aruke pembeni, aiache ianguke. Mutu hawezi kuzuia kilo 300 zenye zimeanza kuteleza. Akijaribu, mutapoteza vyote viwili. Prezida aseme wazi mbele ya wote kwamba hakuna mutu atalaumiwa juu ya masini yenye kuanguka. Kijana wetu hakuwa mupumbavu. Aliogopa kuwa yeye mwenye aliacha feza ya wamama ianguke. Kama mutu angemuambia asubuhi ile kwamba muguu wake unapita masini, angeruka na wengine.

Wakati koperative ile ilipata motere ingine, walifanya vyote nilivyoandika hapa. Walichimba muteremuko, walifunga kamba kwenye muti, walingoja asubuhi. Kijana anatembea, lakini habebi tena mizigo. Walimuchagua yeye kutoa amri. Kazi ilichukua saa tatu, na hakuna mutu alitoka jasho sana.

Ikifika ndani

Beto ya kusimamishia motere imwangwe mapema, buloni zake zikiwa ndani. Beto inahitaji siku 28 ili kupata nguvu yake, na musifungie motere juu yake mbele ya siku 7. Mukanda uwe umenyooka: muvute kamba kutoka gurudumu moja mupaka lingine, muangalie kama inagusa sawasawa. Mutie kizuizi pembeni ya mukanda, kwa sababu kitambaa cha mama kikishikwa na mukanda hakiachiliwi. Bomba ya moshi itoke inje ya nyumba. Muangalie mafuta na maji, muzungushe motere kwa mukono kwanza, kisha muiwashe bila muhindi na kusikiliza. Kama inalia vibaya, muizime na kuita fundi.

Mambo ya kuandika katika kaye mbele ya kununua

1. Uzito wa motere na wa kinu, na vipimo vya mulango wa nyumba.
2. Bei ya kamyo, mbao, kamba, na beto. Hizi ni sehemu ya bei ya masini. Komite yenye kumaliza feza yote dukani itashusha masini na mikono mitupu.
3. Feza kidogo ya kubakisha katika sanduku kwa ajili ya mutu mwenye ataumia.
4. Majina ya watu: nani anatoa amri, nani anashika kamba, nani anaweka tiyo, nani anachunga watoto.
5. Saa. Kama kamyo inafika kisha saa kumi ya jioni, masini inalala juu ya kamyo mupaka asubuhi, na shofere analipwa usiku wake.

Ile namba 5 ndiyo koperative mingi zinakataa, juu ya gharama. Muhesabu tena: usiku mumoja wa kamyo kwa upande huu, na kwa upande ule musimu muzima wa wamama kutembea saa ine na beseni juu ya kichwa.